Alama Katika Damu ya Mapacha

12 Januari

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila miguu inanilalamikia kwa kusimama maabara kutwa. Chumba changu kipya kiko juu ya duka la fundi redio, kwa hiyo nasikia stesheni nne kwa mpigo na siijui habari hata moja vizuri. Kaka amepata kazi ya kufundisha. Kama hajawaambia, jifanyeni hamjui, atanichinja. Paka wenu bado analala juu ya karatasi za kiwanda chenu cha kuchapa vitabu? Msalimu.

Barua hii nimeituma kiwandani makusudi, isifike nyumbani. Nikipiga simu Mama anaweka spika, anasema "nimeshapona mimi," anakata. Wewe umelala naye tumbo moja na sasa mnalala nyumba moja. Ukweli nitaupata kwako au siupati kabisa.

Uliniuliza juzi kazi yangu na ugonjwa wake vinakutana wapi, nikajing'atang'ata kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza simu. Sasa kaa. Weka kalamu chini, usianze kunisahihishia koma.

Kila chembe ya mwili ina kitabu ndani yake, kitabu kizima, kile kile, iwe chembe ya ngozi au ya damu. Maandishi yake ndiyo jeni. Kinachotofautisha chembe na chembe ni alama zilizowekwa juu ya maandishi. Ni kama wewe unapokaa na prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, na penseli yako nyekundu: hapa "chapa," hapa "ruka," hapa "subiri kwanza." Herufi hazijaguswa, lakini alama ndizo zinazoamua nini kisomwe. Umenipata?

Haya. Kuna chembe nyeupe za damu zinaitwa chembe B. Kazi yake ni kutengeneza silaha za kupigana na vijidudu. Saratani ya Mama ilianzia kwenye chembe B moja tu. Herufi chache ziliharibika, sikatai, lakini zaidi ya hapo alama zilivurugika. Ukurasa unaosema "acha kuzaana" ukawekewa "ruka," na hiyo chembe ikazaa bila breki.

Na sasa sikiliza linaloninyima usingizi kwa raha! Herufi iliyoharibika ni shughuli pevu kuirekebisha. Lakini alama ya penseli inafutika! Dawa mpya anayomeza Mama kwenye lile jaribio letu la maabara na kliniki ni kifutio, Mama mdogo. Kifutio! Tunataka kuona kama kinafuta pale tunapotaka kifute. Nikiamka asubuhi natamani kuruka ngazi nifike kazini.

Halafu nyinyi wawili ni mapacha wa yai moja! Maandishi yenu ni yale yale, herufi kwa herufi, damu yenu ni moja. Bosi wangu, tunamwita Kikombe kwa sababu hatengani na kikombe cha chai iliyopoa, nilipomwambia Mama ana pacha aliruka kitini.

Naomba jambo moja tu. Februari 18 Mama anatakiwa kliniki kutolewa damu. Asipotokea anaondolewa kwenye jaribio, na dawa hiyo haipatikani duka lolote hapa duniani. Nakujua wewe ni mtu wa vitendo. Fanya lolote, damu ifike.

Mwanao wa maabara.


25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Koma zako nimezihesabu halafu nikaacha, maana nina umri. Watu wa maabara hawafundishwi kuweka nukta?

Huku tuko. Ile mashine kubwa imegoma tena, fundi anakuja kuitazama, anaikunia kichwa, anaondoka. Paka amezaa ndani ya kabati la karatasi za rangi, na mteja aliyetaka karatasi za manjano ameambiwa asubiri vitoto vifumbue macho. Kaka yako hajatuambia kitu. Tumejifanya hatujui, mama yako karibu apasuke.

Yeye anakula. Asubuhi anakaa kwenye kiti chake cha kushonea vitabu, mchana anachoka, anaenda kujinyoosha juu ya marobota. Vidonge anameza, nasimama mbele yake mpaka nione koo limeshuka. Tatizo lake ni sindano. Mtu ametoboa karatasi kwa sindano maisha yake yote, kidole chake kigumu kama kwato, lakini akiiona ya nesi anageuka mtoto mchanga. Novemba walimtafuta mshipa huku na huku, mkono ukabaki na rangi ya wino wa bluu wiki nzima. Alitoka pale akasema harudi tena. Unamjua akisema.

Basi ulisema damu ifike tarehe 18. Imefika. Kichupa kimejaa mpaka shingoni. Usiniulize mengi, nina prufu za kitabu cha hesabu mezani na mwandishi wake hajui kujumlisha.

Ile habari ya damu yetu kuwa moja nimeipenda sana. Nimeisoma mara nyingi.

Mama yako mdogo.


16 Machi

MAMA MDOGO!

Shikamoo, hamjambo, mimi sijambo, paka hajambo, kaka kawaambia? Basi yatosha, siwezi kungoja!

Kichupa cha Mama mimi siruhusiwi kukigusa kwa sababu ni mama yangu. Alikifanyia kazi mwenzangu tunayemwita Bi Miwani, nami nikafungiwa nje ya chumba. Leo Kikombe kaniita ofisini. Mama alisaini tangu mwanzo kwamba mimi niambiwe majibu. Akasema, "Kaa." Sikukaa. Akasema, "Kaa, binti." Nikakaa.

Ngoja nikueleze uelewe kwa nini nalia huku naandika. Kila chembe B inapozaliwa inajichongea muhuri wake, hakuna nyingine yenye muhuri kama huo. Chembe zote za ugonjwa wa Mama ni watoto wa chembe moja, kwa hiyo zina muhuri mmoja. Novemba huo muhuri ulikuwa umetapakaa, kila ukitupa jicho upo. Safari hii Bi Miwani ameutafuta hadi macho yakamtoka. Hakuna. Haupo hata mmoja! Na ule ukurasa wa "acha kuzaana" uko wazi, safi, hauna alama!

Kikombe hakuamini. Alisema majibu ni mazuri mno, lazima vichupa vimechanganywa na vya mtu mwingine. Wakalinganisha maandishi na damu ya Novemba, herufi kwa herufi. Ni yeye. Hakuna shaka yoyote. Ni Mama!

Nilitoka ofisini nikamkumbatia mfagiaji, nikamwaga chai ya bosi, nikacheza kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia mama yangu amepona, naye akacheza. Hanijui hata kidogo!

Daktari wa kliniki anasema kama mambo ni haya, Mei 21 anaachishwa dawa. Wanasema hawajawahi kuona mgonjwa aliyesafishika kiasi hiki. Mwambie! Hapana, usimwambie, daktari atamwita. Aa, mwambie bwana!


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tumepata barua yako. Tumefurahi.

Mashine imepona lakini inapiga kelele kuliko ilipokuwa inaumwa. Vitoto vya paka vimefumbua macho na vimeanza kutafuna ncha za karatasi.

Mama yako nilimsomea barua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," akaendelea kushona. Usidhani hakufurahi. Amechoka tu.

Nina swali dogo la mtu asiyesoma sayansi. Hiyo habari ya kuachishwa dawa, ni lazima? Mtu hawezi kuendelea kumeza tu, kwa usalama? Muulize huyo Kikombe wako, lakini usiseme nimeuliza mimi. Na usitangaze sana huko kwenye korido. Mambo mazuri hayataki kelele.

Nukta zako zimepungua tena.

Mama yako mdogo.


10 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Mbona barua yako fupi na baridi? Au umenuna kwa sababu nilikucheka kuhusu koma? Kaka kasema sasa mnajua habari za kazi yake na Mama alijifanya kushangaa vibaya sana, kama mwigizaji wa shule ya msingi.

Nimemuuliza Kikombe. Anasema dawa ile ni kali, inapunguza na chembe nzuri pia, kwa hiyo mtu ambaye hana ugonjwa hapewi. Kwa hiyo ndiyo, Mei 21.

Sasa nina kichekesho. Kaa usianguke. Kwa sababu damu ya Mama imekuwa maarufu, tumeamua kusoma alama zake zote, siyo zile za ugonjwa peke yake. Basi Bi Miwani akaja kwangu ananong'ona, "Dada, mama yako anavuta sigara?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mama! Mama aliyemfukuza fundi umeme na taa haijawaka, kisa koti lake linanuka sigara! Lakini damu haina aibu. Moshi wa sigara nao una penseli yake, unaandika alama mahali pake maalumu, na mtu akivuta miaka na miaka zinakuwa nzito. Bi Miwani anasema mwenye damu hii havuti kwa kujaribu, anavuta tangu enzi. Na Novemba alama hizo hazikuwepo. Haziwezi kujiandika zote kwa miezi michache, hata avute kama bomba la treni.

Nimemwambia Kikombe huenda ni mashine yetu, na kwamba nitauliza nyumbani. Basi nauliza nyumbani. Mama anavuta? Nijibu upesi, wenzangu wote wananicheka.


24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijanuna.

Vitoto vya paka vimegawiwa. Kimoja amechukua yule mwandishi wa kitabu cha hesabu, ambaye sasa anajua kujumlisha walau paka mmoja. Kimoja amechukua fundi mashine, na nashuku hiyo ndiyo sababu anakuja kila siku wakati mashine haina tatizo. Kimoja tumebaki nacho, chenye soksi nyeupe, kinalala ndani ya kofia yangu. Mvua imenyesha, paa la stoo linavuja palepale linapovuja siku zote, tumeweka ndoo. Jirani yetu amepaka ukuta wake rangi ya kijani ambayo sijui aliiota wapi.

Kuhusu moshi, labda ni lile jiko la kuchemshia gundi. Linatoa moshi sana.

Ule vizuri huko, umezidi kukonda kwenye picha.

Mama yako mdogo.


1 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Paka kapewa aya nzima, mimi kwenye swali langu nimepata jiko la gundi. Jiko la gundi ni la umeme. Nilikuwepo mliponunua.

Jana nilikuwa naosha vyombo, nikakumbuka dirisha la nyuma la kiwanda. Tulipokuwa watoto ulikuwa unasimama pale peke yako ukisema unapumzisha macho. Ukirudi unanuka wino na peremende. Peremende za mnanaa, Mama mdogo, mfukoni mwako kila siku. Nasi tulidhani unatupenda sana kwa hizo peremende!

Sahani iliniponyoka. Nikaona yote kwa pamoja. Maandishi ya mwenye damu hii ni ya Mama, herufi kwa herufi, lakini anavuta sigara tangu enzi na hajawahi kuugua. Mtu kama huyo hapa duniani ninamjua mmoja.

Sikasiriki. Nadanganya, nimekasirika. Lakini niambie tu: Februari 18, mkono ulioingia sindano ulikuwa wa nani?

Mei 21 wanamnyang'anya dawa. Ugonjwa bado umo mwilini mwake, na wao wanaamini hawana cha kutibu. Kikombe sijamwambia, nakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Jibu kwa posta ya haraka. Ukiniandikia habari za paka nakuja huko kesho yake.


6 Mei

Mwanangu,

Ulikuwa wangu.

Nimeandika hilo kwanza ili usisome haya mengine moyo ukiwa juu. Nimekaa nalo tangu Machi na lilikuwa linanitafuna. Ulipoandika umecheza kwenye korido nilikwenda nyuma ya mashine nikalia kwa kelele, maana mashine ile inaficha kelele yoyote.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ya tarehe 18 mama yako alivaa, akafunga kitambaa chake, akafika mlangoni, akashika kizingiti. Akasema, "Siwezi." Nikambembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Akasema, "Wakinitoboa tena bure nitakufa palepale. Na wasiponitoboa bure, wakaniambia haijapungua, je?" Nikagundua sindano siyo inayomtisha. Ni majibu.

Saa zinakwenda. Barua yako iko mfukoni mwangu: asipotokea anaondolewa. Barua yako hiyo hiyo inasema damu yenu ni moja, herufi kwa herufi. Barua yako hiyo hiyo inasema fanya lolote! Sasa mimi ni nani nibishane na mtu wa maabara? Nilivua miwani yangu, nikavaa yake, nikafunga kitambaa chake. Nesi akaniambia, "Leo mama umependeza, mishipa yote imekuja juu." Nikajisikia mjanja kuliko dunia nzima. Tuliwahi kufanyiana hivyo shuleni, yeye akinifanyia mtihani wa kushona, mimi nikimfanyia wa insha, na hakuna aliyetukamata. Nilijua damu moja ni damu moja. Zile habari za alama nilizisoma juujuu, nikadhani ni maneno yako ya kupamba.

Ulipoandika kwamba hawajaona ugonjwa ndipo nikaelewa nimefanya nini. Nilitaka kusema. Halafu nikafikiri, wakijua watamtupa nje ya jaribio, naye atakosa dawa kwa sababu yangu. Nikawa napaka rangi ukuta unaoanguka. Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu kuendelea kumeza.

Sasa ya sigara. Mama yako alijua nimekwenda badala yake, tulikula njama pamoja. Ya sigara hakuijua. Leo nilimsomea barua yako neno kwa neno. Nilitegemea alie. Wee! Alitupa sindano na uzi, akasimama, mwanamke ambaye juzi alikuwa hawezi kumaliza ngazi. "Unavuta? Wewe? Mimi nimelala na saratani ya damu, na wewe unasimama dirishani unaiita?" Nikasema siiti kitu, napumzisha macho. Akaniambia maneno ambayo sitayaandika kwa kalamu ya kiwanda.

Paka mwenye soksi akapita katikati yetu. Kisha mama yako akasema, taratibu, "Haya. Wewe toa pakiti, mimi natoa mkono." Nikamwuliza, kweli? Akasema, "Toa pakiti." Nilitoa. Akaiweka kwenye sufuria ya gundi, akakoroga.

Kesho tunakwenda kliniki. Naacha barua wazi.

7 Mei, bado ni mimi

Tumetoka huko. Daktari nimemwambia mwenyewe, nimesimama, kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Alivua miwani, akatutazama mmoja mmoja, akasema katika kazi yake yote hajapata kuona upuuzi wa hali ya juu kiasi hiki. Alipiga meza. Alitoka nje, akarudi. Nikamwambia, nifukuze mimi, nifunge mimi, lakini dawa yake usiiguse. Nikaona aibu. Akasema kwa leo dawa haiguswi, ila kubaki kwenye jaribio siyo yake kuamua, itabidi kwanza azungumze na Kikombe wako. Kwa hiyo kimbia ukamwambie bosi wako kabla hajaisikia kwenye simu.

Kisha tukaingia kwa nesi. Sote wawili, bila kitambaa, bila miwani ya mtu. Alipotuona aliweka trei chini. Akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

Nakuapia, mdomo wangu ulishafunguka kusema "mimi." Ni mazoea ya miaka sitini. Mama yako akanisogeza kwa kiwiko, akapandisha mkono wa gauni.

"Ni mimi," akasema. "Mgonjwa ni mimi."

Nesi alipata mshipa mara ya tatu. Mama yako alinibana vidole, hata sasa kalamu naishika kwa shida, lakini hakuondoa mkono. Halafu mimi nikatoa wangu, kwa jina langu, maana daktari alisema pacha mzima naye ana faida. Vichupa viwili viko njiani. Safari hii kila kimoja ni cha mwenyewe.

Nisamehe. Nawe ukimwandikia mtu mwenye mapenzi na asiyejua kitu, usimwambie afanye lolote.

Mama yako mdogo, mvutaji mstaafu.


14 Juni

Mama mdogo, na Mama kama unasikiliza, na najua unasikiliza!

Shikamooni wote wawili. Yangu ni mazuri, ya kazini ni mazuri, redio za chini zinaimba zote leo na nazipenda zote.

Kwanza, mmebaki kwenye jaribio. Kulikuwa na kikao, kukawa na makaripio, mimi mwenyewe nimeandikiwa onyo kwa kuzungumza kazi na ndugu wa mgonjwa, na nimelistahili. Kikombe ndiye aliyewatetea. Alisema mgonjwa hakukosa dozi hata moja, na damu yake halisi imepatikana kabla mtu hajaamua jambo la hatari. Halafu walipotoka akafunga mlango, akacheka mpaka chai ikamwagika yenyewe. "Tulihakiki kuwa ni yeye!" anasema. "Herufi kwa herufi!" Sasa hapa kuna kanuni mpya: mgonjwa yeyote anaulizwa kama ana pacha. Mmeingia kwenye kanuni za maabara, hongereni.

Sasa damu. Nimechelewesha makusudi ili mkae vizuri.

Mama, muhuri upo. Sitakudanganya, kudanganyana tumemaliza. Ugonjwa haujaisha. Lakini Novemba, ukichukua chembe B kumi, karibu zote zilikuwa na muhuri ule. Sasa ni mbili au tatu. Tatu, Mama! Nyingine ni chembe zako nzuri, zimeanza kurudi kwenye viti vyao. Na ule ukurasa, ule wa "acha kuzaana," kwenye chembe zilizobaki, alama zake zinafutika! Tumeona kwa macho yetu, alama hii imekwenda, ile imefifia, ile bado. Kifutio kinafuta pale tulipotaka kifute! Bi Miwani alikuja kunifungulia mlango mwenyewe, akasema, "Leo ingia." Nikasimama mbele ya kioo cha kompyuta nikazihesabu alama moja moja.

Yale ya Machi yalikuwa makubwa kuliko haya, nilicheza korido nzima. Leo sikucheza. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu, kwa sababu haya ni yako. Ni machache, yanakwenda polepole, na ni yako kabisa.

Na wewe, Mama mdogo: kichupa chako ndicho kinachotuonyesha. Maandishi yale yale, bila ugonjwa. Kila alama ya Mama tunaiweka kando ya yako tuone imekosea wapi. Hatukuwahi kuwa na prufu safi ya kulinganishia. Sasa unasahihisha kitabu cha dada yako, na mara hii moja ruhusa unayo.

Alama zako za sigara bado zipo, nzito. Zinafifia mtu akiacha, lakini pole pole, miaka. Nitaziangalia mwakani. Nitajua. Usithubutu.


27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa kwa sauti kiwandani, mashine imezimwa, fundi akiwepo na paka akiwepo. Uliposema "tatu" fundi alipiga makofi bila kujua ni tatu za nini.

Koma zako safari hii sikuziona. Macho yalikuwa na kazi nyingine.

Sivuti. Natafuna peremende mpaka meno yanalegea, nimekuwa mkali kama pilipili, na jana nimemgombeza mteja aliyekuja kulipa. Dirisha la nyuma mama yako amelipigilia misumari.

Nilitaka kukuelezea anavyoendelea, nikaanza, "Mama yako anasema," kisha nikaweka kalamu chini. Nimechoka kuwa yeye. Yupo hapa, mkono anao. Kalamu hiyo.

Mwanangu,

Ni mimi.

Mwandiko wangu unaujua ni mbaya, wa mtu wa gundi. Mama yako mdogo amekaa hapo anatazama, nimemkataza asiguse penseli.

Vidonge nameza. Vinanichafua tumbo, lakini nameza. Barua yako nimeiweka chini ya mto, ile sehemu ya mbili au tatu nimeikunja ikae juu.

Nilimwacha aende badala yangu kwa sababu niliona kama akitobolewa yeye, ugonjwa utakuwa wetu wote wawili, na nusu yake ningeweza kuibeba. Niliogopa, mwanangu. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ukisikia naogopa na wewe utaogopa, halafu nani atafanya kazi huko?

Bado naogopa. Ila nakwenda.

Natolewa damu tena mwezi wa Agosti. Omba ruhusa, uje. Mkono mmoja ni wa nesi. Wa pili mama yako mdogo ameshauchukua, hataki kuuachia mtu. Kwa hiyo wewe utanishika bega.